Nilivyoshuka Dozi Mara Mbili

Ukitaja arosto, watu wengi wanamwona mtu wa unga, yaani heroini, aliyekosa kete ya asubuhi: kajikunja pembeni, kamasi zinamtoka, anatetemeka. Hiyo naijua, nimeipitia mara nisizoweza kuzihesabu. Ninayotaka kuisimulia ni nyingine, ambayo hata sisi wa kliniki tulikuwa hatuizungumzii mpaka imemkuta mtu. Ni arosto ya dawa yenyewe iliyotutoa kwenye unga. Ya kushuka methadoni, kupunguza dozi mpaka uache.

Mimi ni seremala. Nilianguka kutoka juu ya kenchi nikavunjika paja, nikaandikiwa tramadoli, dawa kali ya maumivu. Wiki za mwanzo zilinisaidia kweli, sitaki kuisingizia dawa. Ila mfupa uliunga na vidonge havikukoma. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa konzi, na vidonge vilipoadimika mtu akanionyesha unga. Hapo ilikatika miaka sita. Sitaieleza. Aliyeipitia anaijua, na asiyeipitia ameshasikia hadithi za namna hiyo za kutosha.

Methadoni nilianzishiwa dozi ndogo, ikapandishwa polepole mpaka nikatulia kwenye miligramu 80. Kila asubuhi unafika dirishani, unapewa kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa, kinatiwa maji, unasuuza na kunywa tena. Halafu nesi anakuuliza, "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Kwa miezi nilidhani yule mama anapenda maongezi tu. Kumbe anakusikiliza sauti, maana aliyeificha dawa mdomoni hawezi kujibu vizuri.

Maisha yalirudi. Nilishika randa tena, nikalala usiku, nikaacha kuwaibia watu wa nyumbani kwetu. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha siku moja tumekaa na jamaa, shemeji yangu, mume wa dada, akanigeukia akicheka: "Shemeji, hongera sana. Lakini tuseme ukweli, si bado unatumia? Umebadilisha chupa tu."

Nilicheka na mimi. Usiku sikulala.

Asubuhi nikamwambia daktari nataka kushuka. Akaniuliza kuna nini cha haraka. Nikasema hakuna, najisikia tayari. Alipendekeza miligramu 5 kila baada ya wiki mbili au zaidi, nami nikambishia, nikamtajia kazi, nikamtajia safari ambayo haikuwepo, mpaka akakubali shingo upande: 10 kwa wiki, kwa sharti kwamba nikizidiwa tunasimama. Nilizidiwa nilipofika 50. Sikumwambia. Kila wiki aliponiuliza nilisema niko vizuri, huku nimevaa koti zito nifiche jasho. Nilipofika 20 nikaona kwenda kliniki kwa ajili ya kikombe kile chenye dawa ya kulowesha ulimi ni aibu. Nikaacha kwenda.

Hapa ndipo methadoni inapowadanganya wengi. Arosto ya heroini inabisha hodi mapema, saa 6 hadi 12 baada ya mara ya mwisho, inafika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi sehemu yake kali imepita. Methadoni inakaa mwilini muda mrefu. Kwa wengi nusu ya dozi bado imo baada ya saa 24 mpaka 36. Kwa hiyo siku ya kwanza bila dawa nilikuwa mzima kabisa. Siku ya pili nilipiga miayo mingi kidogo. Nikampigia dada simu, nikamwambia kwa majivuno, "Dada, nimemaliza. Na wala si kitu."

Siku ya tatu usiku vinyweleo vya mikono vikasimama, na havikulala tena.

Baadaye nesi alinieleza kinachotokea, na maelezo yake yalinisaidia kuliko mahubiri yote niliyowahi kupewa. Kuna sehemu ndogo kwenye shina la ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali ya kumshtua mtu aamke, akimbie, apambane. Dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na methadoni, huikandamiza. Ukizitumia muda mrefu, sehemu ile inajifunza kusukuma kwa nguvu zaidi ili iende sawa na ule mkandamizo. Sasa ondoa mkono ghafla. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mboni zinapanuka, miguu haitulii. Tumboni ni vilevile: utumbo uliokuwa umefungwa miaka unafunguka wote kwa wakati mmoja. "Mwili haukuadhibu, mwanangu," aliniambia. "Unasukuma mlango ambao hakuna tena aliyeushikilia upande wa pili."

Mimi wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba siku ya saba ni mbaya kuliko ya sita, na ya nane haina tofauti na ya saba. Mtu wa unga anavumilia kwa sababu anajua kesho kutwa itapungua. Mimi nilisubiri ipungue na haikupungua. Siku ya 11 nilitoka nyumbani nikaenda ninakokujua.

Nilichukua nusu ya kiasi changu cha zamani cha unga, nikijiona mwerevu. Lakini ustahimilivu, ule uwezo wa mwili kuhimili dawa uliyoizoea, ulishashuka pamoja na dozi. Kiasi ambacho zamani kingenitoa arosto tu sasa kilitosha kuniua. Dada ndiye aliyenikuta. Anasema nilikuwa nakoroma kwa sauti ya mtu anayesukutua maji, midomo imebadilika rangi. Alinilaza ubavu, akapiga simu, akakaa ananitingisha na kuniita jina kwa ukali kama tulipokuwa watoto. Waliofika walinipa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, nami nikaamka ndani ya dakika chache, nikiwa moja kwa moja kwenye arosto kali kuliko zote, kwa sababu naloksoni inaing'oa dawa mahali ilipokaa. Neno la kwanza kumwambia mtu aliyeniokoa lilikuwa tusi. Hakulijibu. Walinizuia nisiondoke kwa saa kadhaa, maana naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 mpaka 90, na kilichomo mwilini kinaweza kuwa bado kipo, kikamrudisha mtu chini akiwa peke yake.

Baadaye niliambiwa kwamba wiki nne za mwanzo baada ya mtu kuacha matibabu ya methadoni ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kifo. Mimi nilikuwa katikati ya wiki ya pili.

Kurudi kliniki kulinishinda siku tatu. Nilifika mpaka getini, nikageuza. Siku ya nne yule nesi mtu mzima aliniona kwa mbali akaniita: "Njoo, mwanangu. Faili lako lipo." Hakuuliza kitu. Nilianzishwa chini tena, kwa sababu mwili haukuwa tena wa dozi ya 80, tukapanda mpaka 70, na kwa mwaka mmoja na nusu sikutamka neno "kushuka".

Katika muda huo ndipo nilipojifunza niliyopaswa kuyajua mapema. Kwa mfano, methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na New York, miaka ya 1960, daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander wakaanza kuwapa waraibu wa heroini. Hawakuitoa kama ngazi ya kushukia haraka. Waliuona uraibu kama ugonjwa wa mwili unaoweza kuhitaji dawa kila siku kwa muda mrefu, pengine maisha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huohuo. Kumbe hoja ya shemeji ilikuwa na majibu siku zote. Sikuwa na majibu mimi.

Kwenye foleni yetu alikuwepo kaka mmoja aliyekuwa ametulia kuliko sote. Ghafla akaanza kutoka jasho dirishani, anagombana na manesi, anadai dawa imetiwa maji. Tulimwamini! Tulianza na sisi kuonja vikombe vyetu kwa mashaka. Kumbe alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, na hakuwa ameisema hiyo kliniki kwa kuogopa kutengwa. Moja ya dawa hizo, rifampisini, hufanya ini liivunje methadoni haraka, na dozi ileile ya jana inakuwa haitoshi leo. Alipoisema tu, dozi ilipandishwa na akatulia. Zipo nyingine zenye tabia hiyo, baadhi za kifafa na baadhi za virusi vya Ukimwi. Nilijiuliza ni mara ngapi tumemwita mwenzetu mkorofi kumbe yuko kwenye arosto ambayo hata yeye haijui.

Kaka huyo mpaka leo yuko kwenye methadoni, mwaka wa 11, analea watoto watatu. Hana mpango wa kushuka na sioni kwa nini awe nao.

Mimi niliutaka, lakini safari hii niliuliza kwanza ni kwa ajili ya nani. Jibu liliponijia kwamba ni kwa ajili yangu, nikamfuata daktari. Akachukua karatasi, nami nikamwambia subiri, nikuoneshe ninavyoelewa mimi. Ukiwa na ubao wa milimita 80, ukautoa milimita 10 kwa randa, ni ubao bado, karibu uleule. Ukiutoa milimita 10 ubao wa 20, umebaki na nusu. Ukiutoa ubao wa 10, huna ubao. Nilipokuwa nakata 10 kila wiki nilijiona nashuka ngazi zilizo sawa, kumbe kila ngazi ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Daktari alicheka akasema hajawahi kulisikia vizuri namna hiyo, na kwamba ndiyo maana miligramu za mwisho huwashinda watu waliozishinda za mwanzo.

Basi tukapanga kila hatua iwe ndogo kadiri dozi inavyopungua. Kutoka 70 mpaka 40, miligramu 5 kwa mwezi. Kutoka 40 mpaka 20, 2 kwa mwezi. Kutoka 20, moja moja. Piga hesabu: ni miaka mitatu bila kusimama hata mara moja, na sisi tulisimama. Nilipokuwa kwenye 24 mama yetu alifariki, nikakaa hapo miezi, na katikati yake daktari akanipandisha 4. Nililia ofisini kwake, si kwa ajili ya mama peke yake. Nilidhani nimerudi nyuma. Aliniambia dozi si cheo. Mwisho wa yote ilichukua zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Nilikuwa na daftari. Manesi wana karatasi yao ya kupimia arosto, ina vitu 11: mapigo ya moyo, jasho, kutotulia, mboni, maumivu ya mifupa, kamasi na machozi, tumbo, kutetemeka, miayo, wasiwasi, vinyweleo. Kila kimoja kina alama, na jumla ya 5 mpaka 12 ni arosto nyepesi. Mimi niliandika vinne tu: usingizi, miguu, tumbo, hasira. Baada ya miezi mitano mchoro ukajitokeza wenyewe. Nikipunguza leo, siku tatu za kwanza hakuna kitu. Kuanzia ya nne mpaka kama ya nane nabanwa. Ikifika ya 14 nimesahau. Kila mwezi, karibu vilevile.

Sijui kama naweza kueleza vya kutosha daftari lile lilivyonifaa. Arosto ina sauti, na inasema itakuwa hivi siku zote. Nilikuwa nafungua ukurasa wa mwezi uliopita, naikuta siku ya sita nimeandika "miguu 4, hasira 4, sitaki kuendelea", na siku ya 14 "nimelala mpaka alfajiri". Mwandiko ni wangu, sikuweza kuubishia. Nikajiwekea kanuni moja: kati ya siku ya nne na ya nane siamui jambo lolote kubwa, sigombani na mteja, simjibu shemeji.

Miguu ndiyo ilinitesa kuliko vyote. Mifupa kuuma unaweza kuizoea, lakini miguu inayotaka kwenda mahali usikokujua, saa tisa usiku, haizoeleki. Maji ya moto yalisaidia nusu saa. Kuiegemeza ukutani juu kulisaidia dakika kumi. Kilichonisaidia hasa nilikigundua kwa bahati: nilishuka kitandani, nikachukua kipande cha ubao na msasa, nikaanza kusugua nikiwa nimesimama. Kufuata nyuzi, mbele na nyuma, vumbi linaangukia vidole vya miguu. Msasa wenye chembe kubwa, kisha wa kati, kisha ule laini. Nilisugua mpaka kukapambazuka. Usiku uliofuata nikaendelea na kipande kilekile. Kilianza na unene wa kidole gumba, na nilipomaliza safari yangu kilikuwa kimekwisha kiasi kwamba ukikiinua kwenye taa unaona mwanga pembeni. Hakina kazi yoyote. Kipo.

Daktari aliniandikia pia klonidini kwa siku zile mbaya, inayoituliza ile noradrenalini. Kila mara walinipima presha kwanza, kwa sababu inaishusha. Siku moja niliinuka kitini kwa pupa nikajikuta nimepiga magoti, dunia imekuwa nyeusi. Tangu hapo nainuka kama mzee: nakaa, nahesabu, nasimama. Kuhusu tumbo, nilikunywa maji yenye chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Mwenzangu mmoja alikuwa anameza vidonge vya kuzuia kuharisha kwa makonzi, akidai vinatoa na arosto. Nesi alimkemea kwa ukali nisiowahi kumsikia nao. Loperamidi ikizidishwa hivyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka kuua. Inauzwa kirahisi, ndiyo maana watu huidharau.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni hisia. Chini ya 15 zilianza kurudi zote kwa pamoja, bila mpangilio. Nilipiga chafya saba mfululizo. Harufu ya mbao mbichi ilinifanya nikae chini. Wimbo wa tangazo la redio ulinitoa machozi mbele ya mteja, nikasingizia vumbi. Mambo ya chumbani nayo yaliamka, na hilo nitaliishia hapo. Mshauri nasaha alisema ni kama ganzi kuisha mguuni: kabla hujasikia raha unasikia sindano.

Siku ya miligramu ya mwisho nesi alinipa kikombe, nikanywa, nikasuuza, nikanywa. Nikasubiri aniulize kuhusu nyumbani. Akasema, "Leo hakuna haja," kisha akabadili mawazo: "Haya, nyumbani hawajambo?" Nikamjibu hawajambo. Sauti yenyewe haikutoka vizuri.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kiasi, si zaidi ya zile siku tano za kila mwezi zilizorefushwa. Usingizi ulichelewa kuliko vyote, ilipita miezi. Kliniki walikubaliana nami niendelee kufika mara moja kwa wiki bila kunywa kitu, kukaa tu na mshauri, na waliniandikia kwenye faili kwamba nikihitaji kuanza tena mlango uko wazi siku hiyohiyo. Naloksoni ipo kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya patasi. Dada anajua ilipo na anajua kuitumia. Fundi ninayefanya naye kazi pia anajua. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akauliza ina muda gani kabla ya kuharibika, akaenda kusoma tarehe kwenye boksi.

Mwezi wa tano baada ya kikombe cha mwisho niliamka usiku natetemeka. Jasho, mifupa inauma, kamasi, vinyweleo vimesimama. Moyo ulinishuka. Niliwasha taa, nikatafuta daftari ambalo sikuwa nimelifungua kwa wiki nyingi, nikaanza kujipima mkono ukitetemeka. Miguu: sifuri. Tumbo: sifuri. Niliyaangalia macho kwenye kioo, mboni ziko kawaida. Nikamwamsha dada kwa simu, nikamsomea alama zangu moja baada ya nyingine, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama koo linauma. Linauma. Akauliza kama watoto wake niliowabeba juzi walikuwa wanakohoa.

"Una mafua," akasema. "Kalale."

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka nikakohoa. Kwenye daftari, mahali pa hasira, sikuandika namba. Niliandika "mafua", nikapigia mstari mara mbili.